Uko na Nani Hapo?

Hivi nyie vijana, nani kawaambia kwamba msiba ni wa kuwahiwa kama siti ya mwendokasi? Nauliza kwa hasira, na nataka mjue nauliza kwa hasira, msije mkasema bibi alikuwa anatania. Mtu hajafunikwa hata shuka, tayari picha yake imeshawekewa mishumaa pembeni, na nyie mnashindana nani katangulia kuiweka. Mnapewa nini? Kuna kikombe?

Na msinianzie ile ya "bibi huyu mambo ya mtandao hayajui." Thubutu! Mie nilikuwa naunganisha watu hapa Dar wakati mama zenu hawajaruhusiwa hata kugusa redio ya sebuleni. Naitwa Skolastika, huku Kimara watu wazima wananiita Mama Devota na watoto wananiita Bibi Mtandao. Nimeanza na simu za waya, nikaja kwenye kibanda cha simu, nikaja kwenye intaneti kafe, nikamalizia kuuza vocha na kutengeneza simu zenu mnazozidumbukiza chooni halafu mnasema zimedondokea kwenye ndoo. Sasa nimepumzika, lakini simu mbili ninazo, na ndani nimefunga intaneti yangu mwenyewe. Kaka yangu Faustini yuko Ndanda. Kila asubuhi tunaonana kwenye kioo, ananionyesha mikorosho yake ilivyochanua, mie namwonyesha miguu yangu ilivyovimba, tunacheka. Mtu wa namna hiyo ataichukiaje teknolojia? Naipenda sana. Mnaonikera ni nyie.

Nilianza kazi kwenye mitambo ya simu mjini, binti mwembamba, hamtaamini mkiniona leo. Enzi hizo ukitaka kuongea na mtu wa Songea huongei hivi hivi. Unaomba, mie nachomeka waya, namwita mwenzangu wa Songea, naye anachomeka wake, ndipo sauti inapita. Ukichomeka tundu siyo, imekula kwako. Kuna siku nilimuunga mshenga mmoja wa Moshi, mzee anafuatilia posa, nikampeleka kwa muuza mabati wa Gerezani. Wakaongea weee! Mshenga anauliza mambo ya familia, muuza mabati anajibu kwamba mzigo upo, aje na gari. Kuja kushtuka, wameshakubaliana siku ya kuchukua. Nikavuta waya mbio, na mpaka leo sijui mzee yule alirudi nyumbani na nini.

Msimamizi wetu alikuwa Bi Zainabu, mwanamke wa Temeke, mfupi, ulimi kama wembe. Kwa lile kosa la mabati alinisema mpaka nikalia. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisema kwa ukali, alilisema taratibu, na ndiyo maana lilinikaa. Ilikuwa simu ya msiba. Alinifundisha kwamba anayepiga kuleta habari ya kifo utamjua kwenye pumzi tu, kabla hajasema neno. Ukishamjua, usimuunge haraka. Mwite kwanza yule anayepigiwa, mwamkie vizuri, halafu muulize: uko na nani hapo?

Akisema yuko na mumewe, au dada yake, au jirani, sawa, mwambie akae, muunge. Akisema yuko peke yake, mwambie laini mbovu, amwite jirani, utampigia tena.

"Skola," aliniambia, "mtu aliyesimama hapewi habari ya msiba. Na mtu aliye peke yake hapewi. Mwenyezi Mungu mwenyewe akichukua mtu wako anakuachia jirani, sasa wewe mwenye waya ni nani umnyime?"

Na kama habari imeshaanza kuvuja, watu wengine wanajua, wanahangaika kupiga? Hapo alikuwa na dawa nyingine. Ishike laini. Mpigie wewe, mwongeleshe chochote, mvua, mchele, mpaka mtu wa kumshika afike. Laini iliyoshikwa haipokei neno la mwingine. Hatukuandikiwa popote mambo haya. Tulikuwa tunafundishana tu, huku mikono imejaa waya.

Nilipopunguzwa kazi nikaja nayo Kimara. Kwenye kafe yangu nilikuwa na kompyuta za mitumba zinazonguruma kama mashine ya kusaga, na feni moja. Wazee na akina mama hawakujua kufungua barua pepe, nilikuwa nawafungulia mie na kuwasomea. Nikiona neno baya linakuja, nafunika kioo kwa mkono, namwambia mteja, "Hebu kaa hapa kwenye feni kwanza, joto kali," huku namtuma mtu akamwite jirani yake. Basi mtaa mzima ukajua. Ikafika mahali mteja ukimwambia tu akae kwenye feni, kwa nia njema kabisa, jasho linamtiririka, anaruka. "Aa, mama, nitasimama tu! Joto hili naliweza!" Kuna baba mmoja alikimbia kabisa, akaacha na barua ya mwanawe ya kumwambia amefaulu mtihani. Kile kiti cha kwenye feni ninacho mpaka leo, kipo sebuleni, na feni ipo juu yake. Mama Kelvin akinitembelea alikuwa hakigusi.

Mama Kelvin ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu ukielekea bondeni. Mjane. Anakaanga bagia na kachori za kuuza shuleni. Mtoto alikuwa naye huyo mmoja, Kelvin, kijana mrefu, mpole, mwenye kicheko cha kujificha nyuma ya mkono. Kazi aliianzia kwangu kwenye kafe, akaja kuwa fundi wa madishi na kamera za majumbani. Mama yake ana presha. Siku mumewe alipofariki alianguka akalala hospitali, hata mazishini hakufika. Mtaa mzima unalijua hilo. Nalirudia: mtaa mzima unalijua, na yule mjukuu wangu Anitha, mtoto wa Devota, ninayekaa naye hapa anasoma chuo, analijua vizuri kuliko wote, maana alicheza na Kelvin tangu meno hayajaota.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja nimekaa barazani nasafisha picha zilizojaa kwenye simu, simu ikatetemeka. Kundi la mtaa. Nafungua, naona picha ya Kelvin, amevaa shati jeupe, mishumaa huku na huku. Chini yake: "Pumzika mwamba wangu. Siamini." Aliyetuma: Anitha. Kabla sijavuta pumzi, watu wameshaanza kumimina. Pole. Pole sana. Jamani nini tena. Mmoja akajibu kwamba ameanguka kutoka juu ya paa huko Kibamba, anafunga dishi.

Kelvin! Lakini sikupata hata nafasi ya kumlilia, kwa sababu kitu cha pili kilichoniingia akilini ni kwamba Mama Kelvin yumo kwenye kundi hilo. Mie mwenyewe ndiye nilimuunga. Mie mwenyewe ndiye nilimfundisha kuongeza sauti ya simu, ili asipitwe na oda za bagia.

Admini wa kundi ni mie. Nikaufuta ule ujumbe kwa wote. Unajua kilichotokea? Mtu mzima, mwenye ndevu zake, akaandika: "Admini mbona unafuta? Ni kweli jamani, Kelvin hatunaye." Na picha akairudisha! Nikafuta tena, nikalifunga kundi, asiandike mtu isipokuwa mie. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Kuna stetasi, kuna kundi la kikoba, kuna kundi la kwaya, na Mama Kelvin yumo kote.

Basi nikafanya la Bi Zainabu. Nikatupa kanga begani, nikatoka na ndala zisizofanana, nikampigia huku natembea. Ishike laini, Skola. Ishike.

"Abee Mama Devota, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hivi... lile sufuria langu kubwa la pilau si liko kwako?"

"Sufuria? Mbona nilishakurudishia! Si nilimpa Anitha mkononi?"

"Silioni. Lile lenye mkono uliolegea."

"Ndiyo hilohilo. Angalia nyuma ya pipa, Anitha naye hawekagi kitu mahali pake."

Magoti yangu haya, nyie mnayaona yalivyo. Nakimbia lakini siendi. Na kule sikioni mwake nasikia simu yake inaanza: ti. Ti. Ti-ti.

"Mama Devota ngoja kidogo, simu inalialia huku, sijui nani leo ananitafuta hivi."

"Achana nayo! Ni matangazo hayo, yanakuja tu. Uko na nani hapo?"

"Niko mwenyewe, nakaanga bagia za saa nne."

"Zima jiko kwanza."

"Nizime jiko kwa ajili ya sufuria?" Akacheka. Akacheka kweli, jamani, kile kicheko cha mwanawe. "Leo umeamkaje Mama Devota?"

"Usikate, nakuja, niko hapa kwenye kona. Usikate!"

Ti-ti-ti. Enzi za waya, laini ukiishika umeishika. Simu zenu hizi mdomo mmoja masikio mia, unaongea huku zinapokea, na mie fundi mzima nilikuwa nalijua hilo, ila sikuwa na kingine cha kushika. Nimefika getini namwona mgongo. Amesimama mbele ya jiko, karai la mafuta linachemka. Nikaita. Wakati naita ndipo anaishusha simu kutoka sikioni, anaiweka mbele ya macho, anaisogeza mbali kidogo kama anavyofanya asipokuwa na miwani.

Aliisoma amesimama. Aliisoma peke yake. Mie niko hatua chache nyuma yake, mikono mitupu.

Hakupiga kelele. Aliinama tu taratibu kama anatafuta kitu chini, na mkono wa kulia ukaingia kwenye karai.

Kwenye mazishi, wakati wa kutupa udongo, mama wa marehemu ndiye anayetangulia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kutoka vidoleni mpaka kiwiko. Mwanawe wa pekee, Mama Kelvin alimtupia udongo kwa mkono wa kushoto. Alimwomba radhi kwa sauti. "Nisamehe baba, mkono huu ndio ulionibakia." Na pembeni yangu, haki ya Mungu siwasingizii, vijana wawili wamenyoosha simu wanarekodi.

Niliwapokonya. Ndiyo, mie, mbele ya padri. Simu moja niliitia kwenye pochi, nyingine ikaanguka kwenye tope, na sikuomba msamaha wala sitaomba. Mwenye nayo aje.

Kwa Anitha hasira yangu ilikuwa na meno. Nilimsubiri tumerudi nyumbani, nikafunga mlango.

"Nani alikuambia utangaze?"

"Bibi, rafiki yake wa kazini alinitumia. Nilikuwa nalia darasani, sikujua nifanye nini. Nikaandika tu."

"Mama yake je?"

"Nilidhani anajua."

"Ulidhani! Ulimuuliza nani? Ulinipigia mie? Nambari yangu imefutika?"

"Bibi, kila mtu alikuwa anaweka..."

"Mie sikuulizi kila mtu! Nakuuliza wewe, niliyekulea!"

Akalia, nikamwacha alie. Nikamweleza habari za Bi Zainabu, za waya, za uko na nani hapo, zote, na kile kiti cha feni nikamwonyesha kwa kidole. Akafuta makamasi akaniambia, "Lakini bibi, hayo si mambo ya analojia? Siku hizi huwezi kuzuia." Analojia! Nikamsonya msonyo ambao nadhani ulisikika mpaka Ubungo. Nikaona nimetwanga maji kwenye kinu. Tukakaa nyumba moja wiki nyingi tunaongea ya chumvi na ya umeme tu. Asubuhi alikuwa anatoka mapema kabla ya chuo, namsikia anafungua geti, siulizi anakwenda wapi. Siku moja Mama Kelvin ndiye aliyeniambia: "Anitha anakuja kunikaangia bagia mpaka mkono upone." Hasira yangu haikuwa imekwisha, na bagia hazirudishi mtu.

Kwa hiyo nyie mnaonisoma, msije mkaniambia eti dunia imebadilika. Najua imebadilika, nimeibadilisha mie kwa mikono yangu! Nimewauzia nyie vocha ya kwanza. Nimewafungulia barua pepe ya kwanza. Mnavyotembea na simu mbili mbili mnadhani mlizaliwa nazo? Kitu kilichokuwa kinatuchukua siku nzima, nyie kinawachukua kupepesa jicho, na huo ndio uzuri wake. Lakini kwenye lile jicho mnalopepesa ndimo Bi Zainabu alimokuwa anaweka swali lake. Nyie mmelitoa swali, mmebakiza mbio. Nani aliwatuma?

Nilishayaandika hayo yote, nikadhani nimemaliza, nikawa natafuta mahali pa kuyaweka. Asubuhi iliyofuata nikaamka nimpigie Faustini kama kawaida. Intaneti hakuna. Nikazima mtambo nikawasha, hakuna. Taa zote zinawaka kijani, lakini simu yangu haipati kitu. Nikatukana. Nikachomoa waya nikapuliza nikachomeka. Bando la simu sinunui tena tangu nifunge hii ya ndani, kwa hiyo nimekaa kama kisiwani, na hasira hizo, nawasema kampuni, nawasema mafundi wao, naisema serikali, peke yangu sebuleni na kanga ya kulalia.

Simu ikaita. Ya kawaida, ya sauti. Anitha, na ana siku mbili yuko kwa mama yake Dodoma.

"Bibi shikamoo."

"Marahaba. Afadhali umepiga. Hii intaneti imekufa, hebu niambie lile neno la siri la..."

"Haijafa bibi. Nimeizima mie, huku huku, kwa simu. Si ulinifundisha?"

Nilimfundisha kweli, wakati majirani walipokuwa wanaiba, namna ya kumkatia mtu mmoja bila kuwakatia wengine. Nikafungua mdomo nimkaripie. Ananikatiaje mie intaneti kwenye nyumba yangu, mtoto huyu ana kichaa?

"Bibi," akasema taratibu, "uko na nani hapo?"

Pumzi yake nikaisikia. Miaka yote ile ya waya kwenye masikio yangu, nisiisikie?

"Niko peke yangu," nikasema.

"Basi usikate. Usikate bibi, kaa na mie hapa hapa. Umeweka chochote jikoni?"

"Chai."

"Izime kwanza."

Nikaizima. Akaanza kunisimulia habari za mama yake, za baridi ya Dodoma, za zabibu, neno juu ya neno bila kupumzika, sauti inamkatika anaiunga, inamkatika anaiunga, ameishika laini kwa mikono miwili. Nilitaka kumwuliza ni Faustini? Sikumwuliza.

Geti likalia. Mama Kelvin aliingia bila hodi, na mkono wake wa kulia, wenye ngozi ile iliyojikunja, ndio uliovuta kile kiti cha zamani, kiti ambacho hajawahi kukigusa, akakiweka sawasawa chini ya feni, akaiwasha.

"Kaa, Mama Devota."

Nikakaa. Akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili.

"Haya," nikamwambia. "Niambie."